Meli ya Jeddah na Gati la Kilindini

Mji wa Makka hauna bahari. Kwa sababu hiyo tangu zamani umekuwa na haja ya bandari iliyo nje yake, na katika miaka ya mwanzo ya Uislamu bandari hiyo ilikuwa Shu'ayba, upande wa kusini. Mwaka wa 26 wa Hijra, ambao ni sawa na 647, Khalifa wa tatu, Sayyidna Uthman bin Affan, radhi za Mwenyezi Mungu zimfikie, aliihamisha bandari ya watu wa Makka akaiweka Jeddah, kwa kuwa Jeddah ni karibu zaidi. Tunamwomba ndugu msomaji aliweke jambo hili moyoni kabla hatujaendelea. Mlima na kisiwa huumbwa, lakini bandari ya kuanzia safari huamuliwa na watu, na lililoamuliwa na watu huweza kuamuliwa tena.

Mwezi wa Rajabu mwaka 1446, yaani Januari 2025, Mwenyezi Mungu alitujaalia kwenda umra pamoja na jamaa kadha wa kadha wa mtaani kwetu hapa Mombasa. Tulikwenda kwa ndege, kama waendavyo watu wote siku hizi. Ibada ilipokwisha tulipata siku mbili za kukaa Jeddah, nasi tukazitumia katika mji mkongwe uitwao Al-Balad, ambao UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2014. Mtu wa Mwambao akiingia katika vichochoro vile hawezi kujiona mgeni. Nyumba zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, kama zilivyojengwa za Lamu na za Mji wa Kale wa Mombasa. Milango ni ya mbao nzito yenye nakshi. Na madirisha yametokeza nje kwa kazi ya mbao iliyotobolewa, ili wanawake wa nyumba wapate upepo na kuona njia bila ya kuonekana. Tuliiona na nyumba ya Nasseef, ambayo Mfalme Abdulaziz alishukia alipoingia Jeddah mwaka 1925. Mbele yake pana mti mkubwa, na chini ya mti huo tulikaa kitako na kupumzika miguu, maana baadhi yetu ni watu wazima na kutufu na kusai si mchezo.

Jioni ya siku ya pili mwenyeji wetu alituchukua ufukoni kula samaki. Huko ndiko tulikoiona meli ambayo khabari zake zimetusukuma kuandika makala haya. Ilikuwa inatoka kuelekea kaskazini, taa zake zote zikiwaka, na urefu wake ulikuwa kama mtaa mzima uliong'oka na kwenda zake. Vijana wetu walikwisha kuijua kwa picha za simu. Wakapiga kelele kwa furaha: "Hiyo ndiyo Aroya!"

Tueleze kidogo, kwani si kila nyumba imepata khabari zake. Aroya ni meli ya matembezi, yaani meli isiyobeba shehena wala kumpeleka mtu kwenye shughuli, bali humchukua abiria akalala humo, akala humo, akashushwa bandari hii na ile kutazama, kisha akarudishwa pale alipopandia. Mwenyewe ni kampuni ya Cruise Saudi, ambayo ilianzishwa mwaka 2021 na Mfuko wa Uwekezaji wa Umma wa Saudia. Meli haikuundwa kwa ajili yao. Iliundwa Ujerumani katika kiwanda cha Meyer Werft, ikatolewa mwaka 2017 kwa jina la World Dream, ikawa yafanya kazi katika bahari za China na Asia ya Kusini Mashariki mpaka kampuni iliyokuwa nayo ikafilisika mwaka 2022. Saudia wakainunua, wakaitengeneza upya, wakaibadilisha jina, na safari yake ya kwanza ya abiria kutoka Jeddah ikawa mwezi wa Disemba 2024. Ina urefu wa mita 335 na vyumba vya abiria zaidi ya 1,600.

Lakini ukubwa sio uliowafanya watu wetu kuipenda. Meli kubwa ziko nyingi duniani, na nyingine zaizidi hii kwa ukubwa. Kilichowapendeza ni kwamba humo hamna pombe wala kamari, chakula ni halali bila ya kuuliza, na pana mahali pa kusalia. Kwa Muislamu mwenye wake na watoto mambo haya manne ndiyo safari yenyewe. Meli za matembezi za Wazungu hupata sehemu kubwa ya chumo lao katika baa na katika chumba cha kamari, hata abiria asiyetaka hayo huwa analala na kuamka kati yake. Baba aliyejinyima miaka mitatu ili awatembeze watoto wake hataki kuwapitisha kila jioni mbele ya meza za kamari wakienda kula wali.

Hatusemi kwamba Aroya ni msikiti unaoelea. Ina ukumbi mkubwa wa michezo, ina muziki, ina maduka ya kumtoa mtu fedha mfukoni, na kila mzazi atajipimia mwenyewe lipi la kuliendea na lipi la kulipa mgongo. Sisi tunasema tu kwamba mlango wa kuchagua upo, na katika meli nyingine mlango huo ni mwembamba mno.

Tuliporudi nyumbani khabari za meli zikawa nyingi kuliko khabari za soko. Bi mkubwa mmoja wa mtaa wetu, ambaye ameapa kwamba hatapanda ndege mpaka kufa kwake, alikuja barazani pale chuoni baada ya watoto kutawanyika, akatuuliza: "Maalim, hiyo meli ya Waarabu mbona haiji kutuchukua sisi hapa Kilindini?" Tukamwambia, "Bibi, Jeddah ni mbali." Akajibu, "Mbali wapi? Baba yangu alikwenda na kurudi kwa bahari, na meli za siku zile zilikuwa za moshi!"

Maneno yake ni ya kweli, na vijana wengi hawayajui. Kabla ya ndege kushika njia, Mombasa, Unguja na Dar es Salaam zilikuwa bandari za watu hasa. Meli Kampala na Karanja za kampuni ya British India, zilizoanza kazi mwaka 1947 na 1948, zilikuwa zikitoka Bombay zikapita Shelisheli, zikafika Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, kisha zikashuka mpaka Durban. Kampuni hiyo hiyo ilikuwa na meli mbili nyingine, Kenya na Uganda, zilizotoka London na kupita Suez na Aden mpaka kwetu. Mahujaji wa Mwambao walikuwa wakienda kwa meli na kwa majahazi. Wengi walifika Aden kwanza, wakabadili chombo, ndipo wakaingia Bahari ya Sham. Waliokuja kutoka kusini walikuwa wakizuiliwa kwa uchunguzi wa maradhi katika kisiwa cha Kamaran, karibu na pwani ya Yemen, na wazee walikitaja kisiwa hicho kwa kukunja uso. Ilikuwa safari ya taabu, ndiyo, lakini ilianzia mlangoni. Mtu aliagwa na ukoo mzima gatini, wakamwona mpaka meli ikapotea nyuma ya mwamba.

Kisha ndege zikaja kuwa nyingi na nauli zake zikashuka, na mwaka 1967 mfereji wa Suez ukafungwa kwa vita, haukufunguliwa mpaka 1975. Kampala ikavunjwa mwaka 1971. Karanja ikauzwa mwaka 1976. Ama ile Uganda, mambo yake yanatugusa sisi walimu kuliko wengine. Mwaka 1968 ilianza kazi mpya ya kuwa meli ya masomo: wanafunzi wa Uingereza kwa mamia wakapakiwa pamoja na walimu wao, wakasomeshwa madarasani ndani ya meli, wakashushwa katika miji ya kale wakaona kwa macho yale waliyoyasoma vitabuni. Meli iliyokuwa ikija kwetu ikiitwa kwa jina la nchi ya jirani yetu, ikaenda kuwa chuo cha watoto wa watu wengine. Hatuna uchungu na watoto wale. Ilimu ni kheri popote ilipo. Lakini kila tukiwasomesha wanafunzi wetu khabari za Hijra na za Bahari ya Sham, tukichora kwa chaki ubaoni, huikumbuka meli ile.

Sasa tutazame Kilindini ya leo. Meli za matembezi zinafika, khasa katika miezi ya kaskazi, na karibu na gati la kwanza limejengwa jengo zuri la kupokelea abiria wake. Mapema mwaka 2024 ilifika Norwegian Dawn, ikiwa na abiria zaidi ya elfu mbili. Siku ya meli kama hiyo ni siku ya kazi: magari ya mbugani yamejipanga foleni kwenda Tsavo, wauza vinyago wamefika alfajiri, wapigaji ngoma wamevaa, na njia ya Ngome ya Yesu imejaa kofia pana. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone, na kweli wako wanaopona siku hiyo. Ikifika jioni meli inapiga honi, inang'oa nanga, na wenyeji wanabaki kuokota vikombe vya karatasi.

Tofauti ya bandari ya kupitia na bandari ya kuanzia ndiyo hiyo, na ni kubwa. Katika bandari ya kupitia, abiria hushuka akiwa amekwisha kula na mahali pake pa kulala anapo. Hununua kinyago akarudi. Katika bandari ya kuanzia, abiria hufika siku moja au mbili kabla, akalala hotelini, akala, akapanda teksi. Na meli nayo hujaza hapo maji, mafuta, mboga, matunda, nyama, samaki, maziwa na mashuka. Watu elfu tatu wakila mara tatu kwa siku, kwa siku saba, hesabu ya mayai peke yake yatosha kumlisha mkulima wa Kwale na watoto wake. Na jambo ambalo sisi twaliona kubwa zaidi ni hili: katika bandari ya kuanzia, mwenyeji naye huweza kuwa abiria. Katika bandari ya kupitia, mwenyeji ni wa kutazamwa tu.

Wako watakaosema kwamba hizi ni ndoto za maalim. Basi tuwakumbushe kwamba jambo hili limekwisha kuwa. Katika miaka ya 1990 meli Royal Star, ambayo iliundwa Italia mwaka 1956 kwa jina la San Giorgio, ilikuwa na kituo chake hapa hapa Mombasa, ikitembeza watu Unguja, Shelisheli, Komoro na Madagaska. Abiria wake wengi walikuwa Wazungu waliokuja kwa ndege, walakini mwanzo na mwisho wa safari ulikuwa Kilindini, na wako wazee mjini waliofanya kazi ndani yake.

Kilichoiharibu bahari yetu baada ya hapo ni wanyang'anyi. Mwezi wa Novemba 2005 meli Seabourn Spirit ilishambuliwa katika maji ya Somalia ikiwa njiani kuja Mombasa. Aprili 2009 ikashambuliwa MSC Melody karibu na Shelisheli, na yasemekana abiria waliwatupia wanyang'anyi viti na meza. Baada ya hayo makampuni yakaikimbia pwani yetu kwa miaka mingi. Unyang'anyi ulipopungua na meli zikaanza kurudi, mwezi wa Novemba 2023 yakazuka mashambulio ya Mahuthi dhidi ya meli huko Bab el Mandeb, kwa sababu ya vita vya Gaza, na meli nyingi zikaona afadhali kuzunguka Rasi ya Afrika Kusini kuliko kupita mlango ule. Kwa hivyo bahari baina yetu na Jeddah, ambayo baba yake Bi mkubwa aliivuka bila ya kuogopa ila dhoruba na maradhi, leo ina hofu ya aina nyingine.

Walakini tusitie makosa yote kwa Mahuthi. Hata siku njia ikiwa salama, pana hesabu. Kutoka Mombasa mpaka Jeddah ni maili za baharini zaidi ya elfu mbili. Meli yenye kwenda maili 20 kwa saa yataka siku tano hivi, na kurudi tano. Watu wa meli za matembezi wamezoea mzunguko wa siku tatu, nne, au saba. Kwa hiyo aliyetumaini kupandia Kilindini Jumamosi akafika Jeddah Jumatatu, na apunguze tumaini hilo mapema.

Tena kuna hesabu ya misimu, ambayo wazee wetu wa majahazi wangeifahamu upesi kuliko karani wa ofisi. Wakati wa joto kali Bahari ya Sham haikaliki, na ndiyo maana kiangazi cha mwaka 2025 Aroya ilihama Jeddah ikawa inaanzia safari zake Istanbul, ikienda visiwa vya Ugiriki na kwingineko. (Hapa tena twaona kwamba bandari ya kuanzia huhamishika, na meli yenyewe haikulalamika.) Lakini miezi hiyo ya Juni, Julai na Agosti kwetu ni miezi ya kusi, bahari imechafuka, na mgeni asiyezoea atalala kitandani siku saba akiomba afikishwe nchi kavu. Miezi yetu mizuri ni ya kaskazi, Disemba mpaka Machi. Na miezi hiyo ndiyo ile ile ambayo Jeddah huwa baridi na kupendeza. Basi meli moja haiwezi kuwatosheleza wao na sisi kwa wakati mmoja. Tumaini letu ni kwamba kampuni yenye meli ya namna hii itakuwa na meli ya pili iliyo ndogo, na hiyo ya pili ndiyo tunayoiombea Kilindini.

Ndogo, kwa sababu maji yetu mengi hayataki dude la mita 335. Mji wa Lamu hauwezi kulipokea mlangoni, ijapokuwa gati jipya la Ghuba ya Manda, lililofunguliwa Mei 2021, lina kina cha kutosha. Na mzunguko wa siku saba usingekuwa na upungufu wa mambo ya kuona. Mtu angetoka Mombasa akaenda Pemba kwenye karafuu, Unguja, akashuka Kilwa kuona msikiti mkuu ambao Ibn Battuta aliufikia mji wake mwaka 1331, akavuka Ngazija, akarudi kwa Lamu. Kijana wa Kiislamu aliyezaliwa Mombasa akifanya safari hiyo mara moja angewajua wazee wake kuliko kwa kusoma vitabu kumi. Hivi sasa mtu wa Mombasa akitaka kwenda Pemba, kisiwa kisichofika maili mia kutoka kwake, sharti apande basi la mpaka wa Lungalunga na Horohoro, atafute chombo Tanga, au azunguke mpaka Dar es Salaam na Unguja, ama apande ndege. Bahari iko mbele ya nyumba yake nayo haimsaidii ila kumpa upepo.

Walio na shaka na watazame Durban, iliyo katika bahari hii hii ya Hindi. Kampuni ya MSC imekuwa ikiweka meli pale katika msimu wao, na jamaa wa Durban na Johannesburg hupanda hapo, wakaenda siku chache katika kisiwa cha Wareno na Pomene huko Msumbiji, wakarudi kazini. Mji wa Durban haukupewa meli kwa uzuri wa sura. Una uwanja wa ndege karibu, una njia nzuri za gari kutoka bara, una jengo la abiria, na kubwa kuliko yote, una watu wa nchi wenyewe wanaonunua tikiti. Mombasa ina uwanja wa ndege upande wa pili wa bandari, ina reli mpya kutoka Nairobi tangu 2017, ina jengo. Chuo cha mabaharia kipo, na vijana wetu wameanza kuajiriwa katika meli za matembezi za kampuni za nje. Limebaki lile la nne, nalo haliko katika uwezo wa serikali.

Hapa tutasema wazi, na atakayechukia na atusamehe. Watu wetu hawana desturi ya kuweka akiba kwa ajili ya kutembea na jamaa zao. Huweka kwa arusi, na arusi ya siku tatu humeza fedha ambazo zingewatembeza bwana na bibi harusi, na wazazi wa pande zote mbili, visiwa vyote tulivyovitaja. Kampuni ikituma mtu wake kuja kuuliza kama Mombasa ina abiria, ataonyeshwa nini? Ataonyeshwa hoteli za wageni. Hataonyeshwa daftari lolote lenye majina yetu. Wazee walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Na sisi miaka hii yote tumekuwa tukingojea meli iongozwe kwetu kwa nyota ya watalii wa Ulaya.

Kwa ajili hiyo wazazi wa chuo chetu walikutana baada ya sala ya Ijumaa, wanaume chini na wanawake juu, tukafungua daftari. Kila nyumba iliyotaka iliandika jina, idadi ya watu wake, na kiasi inachoweza kuweka kila mwezi. Nyumba 43 ziliandikisha. Baadhi yao waliandika shilingi mia mbili kwa mwezi, na tukaziandika kwa wino ule ule. Bi mkubwa aliandikisha watu saba, naye ametangulia kwenda kutengeneza pasi. Kisha tukaandika barua mbili, moja kwa Kiarabu na moja kwa Kiingereza, tukaeleza idadi, msimu wa kaskazi, kina cha maji, na safari ya siku saba kama tulivyoipanga hapa, tukaipeleka nakala kwa wakala wa safari za umra aliye na watu wake Jeddah. Jawabu bado tunalingojea. Daftari liko chuoni, na nyumba nyingine zikitaka kuandikisha, huwa wazi baina ya alasiri na magharibi.